Infografiki ya presha: kliniki ndiyo mteja, mgonjwa ndiye msomaji

Kazi nyingi ninazoletewa huanza kwa namna ileile. Ofisa masoko wa kliniki hunitumia kurasa mbili za maelezo na kumalizia kwa sentensi moja: "Tuwekee yote haya kwenye infografiki moja, na ivutie." Katika hayo "yote" huwamo mwaka ambao kliniki ilianzishwa, majina ya madaktari bingwa, picha ya jengo jipya, mashine ya CT-scan, orodha ya kadi za bima zinazopokelewa, na mahali fulani katikati ya msongamano huo, ugonjwa wenyewe. Nimebuni infografiki, yaani michoro yenye picha na maelezo mafupi, za afya hapa Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kujua kwamba ofisa huyo hana kosa, kwa kuwa ameagizwa na wakubwa wake na kila idara imedai nafasi yake. Ugumu ni kwamba kliniki ndiyo inayolipia mchoro, ilhali anayeusoma ni mtu aliyekaa kwenye daladala, simu mkononi na bando likikaribia kuisha, ambaye hakuuliza kliniki ilianzishwa lini.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mteja halihusu rangi wala nembo. Huuliza: mtu akimaliza kuutazama mchoro huu, tunataka afanye nini kesho asubuhi? Majibu yakiwa mawili, napendekeza michoro miwili. Nitaeleza ninachomaanisha kwa kutumia kazi moja niliyoifanya kwa kliniki binafsi iliyotaka watu waje kupima presha, kwa sababu karibu kila kosa ninalolijua katika fani hii lilijitokeza humo, na mengine yalikuwa yangu mwenyewe.

Kosa la kwanza lilikuwa picha. Katika rasimu niliweka mtu aliyeshika kichwa kwa mikono miwili, uso umekunjamana, kwa kuwa ndiyo picha inayojitokeza kwanza ukitafuta michoro ya presha kwenye maktaba za picha. Daktari aliyeipitia rasimu alinikumbusha jambo ambalo nilipaswa kulijua: presha ya kupanda inaweza kukaa mwilini kwa miaka bila dalili yoyote, na hiyo ndiyo sababu ya kuwaomba watu wazima wapime. Picha yangu ilikuwa inafundisha kinyume chake, kwamba usipoumwa kichwa huna presha. Lugha yetu nayo huongeza utata, kwani neno "presha" tunalitumia pia kwa hofu na haraka. Mtu husema "usinipe presha" akimaanisha usimharakishe, na wengi huamini kwamba ugonjwa huu ni wa watu wenye hasira au mawazo mengi. Nilimwondoa mshika kichwa, nikamchora mama muuza matunda aliyekaa mbele ya meza yake, mzima wa afya kwa kumtazama, mkono mmoja umefungwa kitambaa cha mashine ya kupimia. Chini yake yaliandikwa maneno matano tu: "Hajisikii mgonjwa. Leo amepima presha." Mteja aliona picha hiyo imepoa mno. Mimi bado naona kwamba upoaji huo ndio ujumbe.

Neno la kutumia nalo lilileta mjadala. Daktari alipendelea "shinikizo la juu la damu", ambalo ni sahihi, lakini mgonjwa anapofika dirisha la mapokezi husema amekuja kupima presha. Kichwa cha mchoro kilibeba neno la mgonjwa, na neno la daktari likawekwa mara moja kwa herufi ndogo ili atakayelikuta kwenye cheti chake ajue ni kitu kilekile. Namba mbili za kipimo zilielezwa kwa mstari mmoja kila moja: ya juu ni nguvu ya damu moyo unapojikaza, ya chini ni nguvu iliyobaki moyo unapolegea. Tuliweka 140/90 kuwa kiwango ambacho mtu akikifikia, hata kwa namba moja kati ya hizo mbili, anapaswa kupimwa tena siku nyingine na kuonana na daktari, wala asijitangazie ugonjwa kwa kipimo kimoja.

Kuhusu chumvi ndipo nilipojifunza zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni karibu kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kikijumlisha chumvi iliyomo tayari kwenye mkate, kwenye vidonge vya supu na kwenye samaki wa chumvi. Nilichora kijiko, nikaandika "kijiko 1 kwa siku", nikaridhika. Kwa bahati nzuri nilimwonyesha mchoro huo mlinzi wa ofisini kwetu kabla ya kuutuma. Aliutazama, akauliza: "Kwa hiyo mtu mwenye presha anywe kijiko kimoja cha chumvi kila siku?" Alikuwa na haki kabisa ya kusoma hivyo, maana mchoro wa kijiko karibu na mchoro wa kidonge, katika karatasi yenye nembo ya kliniki, ni maelekezo ya dozi. Toleo la mwisho lilionyesha kijiko kilichofurika kikiwa kimekatwa kwa alama ya X, na pembeni kijiko kilichosawazishwa kwa kisu, juu yake maneno "Usizidishe hapa", na mishale midogo kutoka kwenye mkate na samaki ikiingia ndani ya kijiko hicho.

Tangu siku hiyo sitoi mchoro wa afya bila kuujaribu kwa watu wasiohusika na kazi. Viwango vya kimataifa vinalitambua hitaji hili: kwa alama za usalama, Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) hutaka angalau 67% ya waliojaribiwa waelewe maana, na kiwango cha Marekani cha ANSI kinataka 85%. Sina bajeti ya majaribio makubwa kiasi hicho. Ninachofanya ni kumpa mtu simu yenye mchoro, kumwachia atazame, kisha kuichukua na kumwomba anieleze angefanya nini. Siulizi "umeelewa?", kwa sababu kwa adabu zetu jibu la swali hilo ni "ndiyo" hata kama mtu hakuambulia kitu, hasa anayeuliza akiwa amevaa kitambulisho shingoni.

Jambo la takwimu lina hatari ya aina nyingine, kwa sababu hapo mchoro unaweza kudanganya huku kila namba iliyomo ikiwa ya kweli. Mfano ninaowapa wateja ni wa Uingereza, Oktoba 1995, mamlaka za dawa zilipotoa onyo kwamba aina fulani ya vidonge vya uzazi wa mpango iliongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Wanawake wengi waliacha vidonge kwa woga, na mwaka uliofuata utoaji mimba uliongezeka kwa maelfu. Hatari hiyo ilikuwa imepanda kutoka mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2 kati ya 7,000. "Mara mbili" ni kweli, na "mmoja zaidi kati ya elfu saba" ni kweli pia, lakini ni la pili tu linalomwezesha mtu kuamua akiwa ametulia. Kwa hiyo ofisa masoko akiniletea sentensi kama "upimaji wetu hupunguza hatari kwa nusu", namuuliza nusu ya ngapi, na ikiwezekana nachora safu za vichwa vya watu ili msomaji awaone wote, walioguswa na wasioguswa. Kama hakuna anayejua nusu ya ngapi, sentensi hiyo haiingii.

Hata ukubwa wa mchoro una hesabu yake. Ukitaka kuonyesha kwamba kitu kimeongezeka mara mbili, ukachora chupa yenye urefu mara mbili na upana mara mbili, umechora chupa yenye eneo mara nne, na jicho litaamini eneo. Florence Nightingale alilijua hilo mwaka 1858 alipochora vifo vya wanajeshi wa Uingereza katika vita vya Crimea kwa kabari zilizozunguka kitovu, kila kabari ikiwa mwezi mmoja, na akaeleza kwamba kinachopimwa ni eneo kuanzia kitovuni. Samawati ilikuwa ya magonjwa yaliyoweza kuzuilika, nyekundu ya majeraha, nyeusi ya sababu nyingine, na samawati ikazifunika zote. Watu humtaja kama muuguzi, nami namhesabu pia miongoni mwa wauzaji hodari wa hoja, kwani mchoro ule ulilenga wakubwa wa serikali na jeshi ambao hawakuwa tayari kusoma majedwali.

Kuna tatizo moja ambalo miongozo iliyoandikwa ughaibuni haiwezi kukuonya, nalo ni saa. Kliniki ile ilikuwa inapima presha bure kuanzia saa mbili asubuhi. Faili lililotoka kwao liliandikwa "8:00 – 12:00", na mimi nikalibandika lilivyo. Baadhi ya watu walifika saa nane mchana, wakakuta meza zimeshaondolewa. Hawakukosea, msomaji wa Kiswahili akiona 8:00 chini ya maneno ya Kiswahili husoma saa nane. Siku hizi naandika "saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana", na siachi kamwe namba ya saa ikae peke yake bila asubuhi, mchana, jioni au usiku. Katika michoro ya dawa, ambako dozi ya pili ya dawa ya mseto ya malaria humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, nimeshika desturi ya kuandika "baada ya saa nane kupita", kwa sababu "saa 8" peke yake inaweza kusomwa kama wakati wa kumeza badala ya muda wa kusubiri.

Mengine yaliyobaki ni ya ufundi, nami nitayapitia haraka. Mchoro wa WhatsApp hupoteza ubora kila unapotumwa, hivyo herufi nyembamba na vivuli hafifu hufa vya kwanza. Ninatumia herufi nene, na tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na mandharinyuma isiyopungua 4.5 kwa 1. Nyekundu na kijani sizitegemei peke yake kutofautisha "hatari" na "salama", kwa kuwa wapo wasioweza kuzitenganisha. Kijani na njano zikikaa pamoja mwaka wa uchaguzi, watu wataona chama kabla ya kuona kliniki. Msalaba mwekundu kwenye mandharinyuma nyeupe si alama ya hospitali. Ni nembo inayolindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, na kliniki ya biashara haina ruhusa ya kuitumia, ingawa utaikuta kila mtaa. Mchoro ukitangaza dawa yenyewe, kwa Tanzania unahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kabla haujatoka. Na picha ya mgonjwa halisi, hata akiwa anatabasamu, siitumii bila ridhaa yake ya maandishi, kwani taarifa za afya zinalindwa na sheria ya mwaka 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi.

Mchoro wa presha ulipotoka ulikuwa na mama muuza matunda, namba mbili na maana zake, vijiko viwili, siku, saa na namba ya simu moja. Jina la kliniki lilikaa chini, mara moja. Mkurugenzi aliuliza jengo jipya limekwenda wapi, tukakubaliana likae kwenye kalenda ya ukutani, ambako lilipata mwezi wa Januari mzima.