2,4-D: huujua mpunga, haizijui tungule za jirani

Wapo wanaoamini dawa hii ya magugu inaua kila kijani. Siyo. 2,4-D, iliyoingia sokoni Marekani katikati ya miaka ya 1940, ni homoni ya ukuaji iliyotengenezwa kiwandani. Gugu la majani mapana likiinywa hukua ovyo, shina likajisokota hadi likafa. Mpunga na mahindi, jamii ya nyasi, huimudu. Kwa hiyo na mpunga pori utaukuta umesimama vilevile; huo ni wa kung'oa tu. Ila mpunga wenyewe nao una mpaka wake: ukipigwa ungali mchanga, au umeshabeba mimba, unaharibika.

"Nimepiga jana, magugu bado mabichi, nimeuziwa feki." Subiri. Hii haiunguzi. Siku moja mbili utaona shina linapinda, lakini kufa kwenyewe huchukua wiki au zaidi. Kuzidisha kipimo ni kujitia hasara: majani yanaungua upesi, dawa haishuki mizizini, gugu linachipua tena.

Balaa kubwa ni la "bomba la dawa nimeshalisuuza". Kusuuza mara moja kwa maji hakutoshi. Masalia kidogo tu yaliyobaki kwenye mpira au pua ya bomba yanatosha kuharibu tungule utakazozipiga kwa bomba hilohilo: majani machanga yanakuwa membamba, yamejikunja, vikonyo vinapinda. Mtu anadhani ugonjwa, anakwenda kununua dawa ya ukungu! Kama uwezo upo, weka bomba la magugu peke yake. Na upepo ukiwa unaelekea kwenye tungule, kunde au muhogo wa jirani, usipige kabisa. Tazama na lebo ujue ni 2,4-D ya aina gani: ya esta hugeuka mvuke juani ikahama hata baada ya kupigwa, ya chumvi ya amini hufanya hivyo kwa uchache sana.

Wapo pia wasemao hii ndiyo sumu ya vita vya Vietnam; ni kweli nusu. Agent Orange, dawa ya kuua mimea iliyomwagwa huko na jeshi la Marekani, ilikuwa 2,4-D na dawa nyingine ya magugu, 2,4,5-T, nusu kwa nusu, na dioksini, sumu iliyoleta msiba, ilitoka kwenye hiyo ya pili. Lakini asikudanganye mtu kuwa 2,4-D haina neno: mwaka 2015 IARC, shirika la utafiti wa saratani, liliiweka kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Jicho nalo liko hatarini zaidi, kwa kuwa 2,4-D ya amini huliunguza vibaya, na wengi wetu hupiga dawa bila miwani. Ikikurukia, suuza jicho mfululizo kwa maji safi dakika 15 hadi 20, kisha hospitali, na chupa yenye lebo uende nayo.