Je, wajua kwa nini tani 9 za saruji zinaweza kuielemea ekseli kwa tani 9.9?

Ilikuwa usiku, kwenye mizani ya magari katika barabara ya Malaba kwenda Jinja, Uganda. Nilikuwa abiria tu, nimepewa lifti na dereva ninayemfahamu. Tulikuwa tumetoka Tororo na mifuko 180 ya saruji, kila mmoja kilo 50. Hizo ni tani 9 kamili. Lori lenyewe lina ekseli mbili, na likiwa tupu lina tani 6: mbele 3.5, nyuma 2.5. Jumla na mzigo, tani 15. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2013, inaliruhusu gari la aina hii tani 8 kwenye ekseli ya usukani na tani 10 kwenye ekseli ya nyuma yenye tairi nne, yaani tani 18. Tulikuwa na nafasi ya tani 3 nzima, na dereva alipanda mizani bila wasiwasi wowote.

Namba zikatoka. Mbele 2.6, nyuma 12.4. Jumla ni 15 kama tulivyojua, lakini ekseli ya nyuma imezidisha tani 2.4.

Kilichomkera dereva hakikuwa faini. Ilikuwa hesabu. "Mwalimu," akaniambia, "nyuma tupu ni mbili na nusu. Nimeweka tisa. Hata saruji yote ingekalia ekseli ya nyuma peke yake, ingekuwa kumi na moja na nusu. Mbona hapa inasoma kumi na mbili nukta nne? Hizo kilo mia tisa zimetoka wapi?"

Ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani. Madereva wengi wakifika hapo hukata shauri kwamba mizani imechezewa. Lakini mizani ya usiku ule ilikuwa sahihi. Tazama ekseli ya mbele: ilikuwa 3.5, sasa ni 2.6. Kilo 900 zimetoka mbele zikahamia nyuma. Hakuna mtu aliyezibeba wala kitu kilichosogea kwenye kabini. Saruji ndiyo iliyoinua pua ya gari.

Jambo hili lipo barabarani kila asubuhi Uganda, mbele ya macho yetu. Mtazame mtu anayesukuma baiskeli ya matoke akipanda kilima. Mikungu imefungwa kwenye keria, mmoja juu na miwili ubavuni, imening'inia mpaka karibu na ardhi. Mkono wake mmoja uko kwenye usukani, na ukiangalia kwa makini utaona kwamba mkono huo hauelekezi tu, unakandamiza. Misuli imekaza. Akiulegeza, gurudumu la mbele linaondoka ardhini na baiskeli inakaa kitako na matoke yake. Chukua mikungu yenye kilo 60 kwa pamoja, ambayo kitovu cha uzito wake kiko sentimita 15 nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Usukani uko kama sentimita 90 mbele ya ekseli hiyo. Ukiacha uzito wa baiskeli yenyewe, mkono unatakiwa kukandamiza kwa kilo 10 tu, kwa sababu 60 mara 15 ni 900, na 10 mara 90 ni 900. Kilo 10 zinazuia kilo 60. Lakini gurudumu la nyuma sasa linabeba zote mbili, kilo 70.

Hapo ndipo jibu la dereva lilipo. Uzito una mambo mawili: unasukuma chini, na unazungusha. Kule kuzungusha ndiko wanafizikia wanakokuita momenti ya nguvu, na kipimo chake ni nguvu mara umbali kutoka kwenye egemeo, yaani pale kitu kinapojizungushia. Umbali huo hupimwa kwa pembemraba hadi kwenye mstari ambao nguvu inapita. Mafundi wa Katwe pale Kampala wanaijua momenti kwa mikono: nati ikikataa, huchomeka bomba kwenye mpini wa spana. Nguvu ya mtu ni ileile, mkono wa wenzo, yaani umbali kutoka kwenye nati, umekuwa mara mbili, na nati inaachia. Archimedes wa Sirakusa aliithibitisha kanuni ya wenzo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na tangu hapo haijahitaji marekebisho.

Kitu kikitulia, yaani kikiwa katika msawazo, masharti yake ni haya. Nguvu za kwenda juu zilingane na za kwenda chini, za kushoto na za kulia, na momenti za kuzungusha upande mmoja zilingane na za upande wa pili. Lori lililosimama kwenye mizani tambarare halina anayelisukuma mbele wala nyuma, kwa hiyo sharti la kushoto na kulia tunaliweka kando. Yanabaki mawili, na tuna visivyojulikana viwili: barabara inaisukuma ekseli ya mbele juu kiasi gani, na ya nyuma kiasi gani. Milinganyo miwili, majibu mawili. Inatosha.

Sasa kuna ujanja ambao nikiufundisha huwa naona nyuso za wanafunzi zinabadilika. Egemeo unalichagua mwenyewe. Si lazima liwe mahali gari linapojizungushia kweli. Msawazo ni msawazo ukiutazama kutoka popote. Basi chagua mahali ambapo nguvu moja usiyoijua inapita, kwa sababu nguvu inayopita kwenye egemeo umbali wake ni sifuri na momenti yake ni sifuri. Inatoka kwenye hesabu yenyewe. Mimi niliichagua ekseli ya nyuma, nikachora kwa kalamu nyuma ya risiti ya saruji huku tanboi akinimulikia kwa simu.

Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 5. Rundo la saruji lilikuwa limepangwa kuelekea mlango wa nyuma, na kitovu chake kilikuwa nusu mita nyuma ya ekseli ya nyuma. Tani 9 mara nusu mita ni 4.5. Hiyo ndiyo momenti inayojaribu kuinua pua. Lazima kitu kiizuie, na kilichoko mbele ni uzito wa gari lenyewe juu ya ekseli ya mbele, umbali wa mita 5. Kiasi gani mara 5 kinatoa 4.5? Ni 0.9. Basi ekseli ya mbele inapungukiwa tani 0.9, inabaki na 2.6. Na kwa kuwa nguvu za juu na za chini lazima zilingane, tani hizo 0.9 zinaongezwa nyuma juu ya zile 9. Ni 9.9, ukijumlisha na 2.5 za gari tupu, 12.4. Dereva alichukua risiti, akaitazama, akatazama karatasi ya mizani, na akakaa kimya.

(Mwalimu mwenzangu wa fizikia angenikemea hapa kwamba tani si kipimo cha nguvu, nguvu ni nyutoni. Ni kweli. Lakini kila kilo inavutwa na dunia kwa nyutoni 9.8, kwa mzigo na kwa gari vilevile, na namba hiyo ikiwa kila upande wa mlinganyo inajifuta.)

Kama rundo lilelile lingewekwa kitovu chake mita 1 mbele ya ekseli ya nyuma, hesabu inageuka: 9 mara 1, gawanya kwa 5, ni 1.8 inayokwenda mbele. Nyuma inapata 7.2. Mizani ingesoma 5.3 na 9.7, na tungekuwa tumeshapita. Gari moja, mzigo mmoja, na tofauti ni mita moja na nusu ya sakafu ya bodi.

Na ni saruji hasa inayoponza watu, saruji na nondo na vigae, mizigo mizito isiyochukua nafasi. Ukipakia magodoro, bodi linajaa kabla uzito haujafika kokote, na bodi lililojaa sawasawa lina kitovu chake palepale mtengenezaji alipokusudia. Mifuko 180 ukiipanga kwa kimo cha mita moja na kidogo haijazi hata nusu ya bodi. Kwa hiyo lazima mtu aamue ikae wapi, na mara nyingi anayeamua ni mpakiaji mwenye mfuko wa kilo 50 begani, aliyeingilia mlango wa nyuma. Simlaumu. Kila hatua anayojiokoa ni hatua 180 hadi jioni. Lakini dereva asimame pale na aseme ianzie mbele.

Kuna wanaouliza, ikiwa jumla ni halali, kwa nini serikali ishughulike na ekseli mojamoja? Kwa sababu barabara haiijui jumla. Lami inakutana na ekseli, moja baada ya nyingine. Kati ya mwaka 1958 na 1960, huko Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, malori yaliendeshwa kwenye vipande vya barabara vilivyojengwa kwa majaribio, miezi na miezi, mpaka vikaharibika. Matokeo yake ndiyo yanayotumika mpaka leo: uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ikizidishwa uzito mara mbili, haiharibu mara mbili, inaharibu kama mara 16. Ekseli yetu ya tani 12.4, ukiilinganisha na ileile ikiwa na tani 9.7, ilikuwa inaila lami zaidi ya mara mbili na nusu, kwa saruji ileile. Anayepita barabara hizi baada ya mvua anajua mashimo yanavyoanza. Inaniuma kuona barabara mpya ikichanika kwa sababu ya mifuko iliyowekwa mahali pabaya, wakati mahali pazuri palikuwa patupu hatua nne mbele.

Halafu kuna mlima. Kwenye tambarare, uzito wa saruji unashuka wima kutoka kitovu chake hadi sakafuni. Gari likipanda, mstari ule unabaki wima lakini gari limeinama, kwa hiyo ukilitazama kutoka ndani ya gari, mstari umesogea nyuma. Kiasi gani? Kitovu kikiwa mita 1.7 juu ya barabara, na mlima ukipanda mita 1 kwa kila mita 10, mstari unasogea kama sentimita 17. Kwa gari lililopangwa vizuri si kitu. Kwa lile ambalo pua yake tayari ni nyepesi, ndipo dereva anapohisi usukani unakuwa laini mikononi, unazunguka bila kushika barabara. Huyu wangu alikiri baadaye kwamba tangu Tororo, kila kilima, usukani ulikuwa "unaelea". Mwili wake ulikuwa umeshapima ekseli kabla ya mizani.

Mambo huwa magumu kwa trela. Kichwa cha ekseli tatu na trela ya ekseli tatu kinaruhusiwa 8 mbele, 18 kwenye ekseli pacha na 24 kwenye zile tatu za nyuma, jumla tani 50. Lakini milinganyo ya msawazo haikuongezeka kwa sababu ekseli zimeongezeka. Ukiwa na ekseli tatu chini ya fremu moja, una visivyojulikana vitatu na milinganyo miwili, na hesabu haifungi. Hapo kinachoamua ni springi: iliyochoka inabeba kidogo, ngumu inabeba zaidi. Ndiyo maana chini ya trela nyingi, kati ya springi ya ekseli moja na ya pili, utakuta kipande kifupi cha chuma kilichoning'inia kwenye pini katikati. Ni wenzo, egemeo lake ni ile pini, mikono yake miwili sawa. Ekseli moja ikipanda juu ya tuta, kipande kinacheza na kuisukuma springi ya mwenzake mpaka mzigo ulingane tena. Pini hiyo ikishika kutu, ulinganifu umekufa, na hakuna upangaji wa mzigo utakaokuokoa. Muulize fundi wako aliitia grisi lini.

Usiku ule tulibaki na kazi. Nyuma ilitakiwa ipungue tani 2.4, na kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 5, kwa hiyo tulihitaji kuhamisha momenti ya 12. Mfuko mmoja ni tani 0.05, ukiusogeza mita 4 mbele unatoa 0.2. Kumi na mbili gawanya kwa 0.2 ni 60.

"Sitini tu?" dereva akauliza. "Si zote?"

Sitini. Tukavua mashati, yeye, tanboi na mimi. Tuliondoa ile iliyokuwa karibu na mlango, tukaihesabu kwa sauti, tukaipanga nyuma ya kabini. Mfuko wa 60 ulipokaa tukaongeza mitano, kwa usalama. Gari lilipopanda mizani tena ilisoma mbele 5.2, nyuma 9.8, na dereva akaikunja ile risiti yenye mchoro akaiweka mfuko mmoja na leseni yake.