Kumpigia simu wakili wa mdai sio kujibu samansi

Wiki hii tena. Dada mmoja kaja na bahasha kaikunja mara nne, samansi ya deni la kadi ya mkopo, ananiambia "mimi nilishajibu, niliwapigia wakanielewa vizuri tu, tukakubaliana dola 75 kwa mwezi". Nikamuuliza kortini ulipeleka nini? Hakupeleka kitu. Hukumu imeshatoka, na walioiomba ni wale wale alioongea nao.

Jamani, kwa mnaoishi huku Marekani, ile namba ya simu kwenye makaratasi ni ya wakili wa mdai. Hata awe mpole vipi, yeye sio korti, hawezi kukupokelea majibu wala kuzisimamisha siku zako za kujibu. Kwenye faili kunaangaliwa kitu kimoja tu, majibu ya maandishi ya mdaiwa yapo au hayapo. Kama hayapo mdai anaomba hukumu ya upande mmoja, anapewa, na hapo sheria ya shirikisho inaruhusu kukata hadi asilimia 25 ya mshahara unaobaki baada ya makato ya lazima. Texas hawakati mshahara kwa deni kama hili lakini hela ya benki wanaweza kuizuia. Kufungwa jela kwa deni la kadi hakuna, ila ukiitwa baada ya hukumu ueleze mali zako ukakaidi, jaji anaweza kuagiza ukamatwe.

Siku zako zimeandikwa kwenye samansi yenyewe. California ni 30, New York ni 20 ukikabidhiwa mkononi. Soma yako, usichukue za shemeji yako wa jimbo lingine.

Kinachonichosha zaidi ni hili la "nitakataaje na deni ni langu?" Hakuna anayekwambia udanganye! Unajibu aya moja moja. Aya inasema ulikuwa na kadi ya benki fulani, kweli, kubali. Inayofuata inasema benki ilimuuzia mdai deni lako, wewe uliyaona wapi mauzo hayo? Andika huna taarifa za kutosha, kwa hiyo unakataa, athibitishe. Halafu inakuja dola 4,812.36, riba ngapi humo, faini ngapi, nani kapiga hiyo hesabu? Kuuliza hivyo ni haki yako kabisa.

Na kama deni limepitwa na muda wa kushtakiwa, New York miaka 3, California 4, lazima uandike mwenyewe kwenye majibu, jaji hana kazi ya kukukumbusha. Sasa rudi kwenye ile simu, wakili anakwambia: "tuma hata dola 20 tu uonyeshe nia". Majimbo mengi, sio yote, malipo hayo madogo yanaanzisha muda upya, yaani unalifufua deni lililokuwa limeshakufa.

Nakiri, benki yenyewe ikishtaki na taarifa zote za akaunti inazo, mara nyingi majibu yanakupa miezi tu na nafasi ya kuelewana. Hapo hata mimi nasita kumwambia mtu apigane. Lakini ajibu, halafu hayo makubaliano yaandikwe na yafike kortini.

Kesho naenda na yule dada kuomba hukumu itenguliwe. Tumechapisha orodha ya simu zake, ile simu ipo, dakika 11, siku sita kabla muda haujaisha. Sijui jaji ataichukuliaje.