Kipaji cha mbio hakisomwi kwenye mate

Wazazi wanatuuliza sana siku hizi kuhusu vile vipimo vya DNA vinavyouzwa mtandaoni, mtoto anatema mate kwenye kichupa, mnatuma, halafu inarudi karatasi eti mwanao ni wa mbio fupi. Mimi nafanya kazi maabara na nasema wazi kabisa, hizo pesa mnunulieni viatu.

Jeni inayotangazwa zaidi inaitwa ACTN3. Inahusika na protini iliyomo kwenye nyuzi za misuli zinazokaza kwa kasi, zile zinazokufyatua mbio zinapoanza. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba moja ya mama, na wapo ambao zote mbili hazifanyi kazi, protini hiyo hawana, na bado wazima tu. Mwaka 2003 watafiti Australia wakakuta watu wa aina hiyo ni kama 18 katika 100 kwa raia wa kawaida, kwa wanariadha wakubwa wa mbio fupi na michezo ya nguvu ni 6 tu, na biashara ikashikia hapo hapo. Sasa walipopimwa Wakenya na Wanigeria, wasio na protini hiyo ni kama mmoja katika 100. Yaani karibu kila mtu anayo, anaekimbia na anaekaa jukwaani. Ukiwapima vijana wote pale uwanja wa Gombani, Pemba, utamchagua nani? Mwaka 2015 wataalamu wa tiba ya michezo wa nchi mbalimbali walishatamka kuwa vipimo hivi havifai kutafutia vipaji. Damu ina sehemu yake, sikatai, urefu kwa mfano tunaurithi sana, lakini kasi na pumzi ni mamia ya jeni, juu yake chakula, kocha na miaka ya mazoezi.

Ninachotaka mtoto apimwe ni sikoseli (selimundu), ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu mara nyingi hana dalili yoyote, na michezo anaruhusiwa, ila akisukumwa sana kwenye jua bila maji chembe zake za damu zinaweza kujikunja na misuli ikaanza kuharibika. Makocha nawaomba sana, mazoezi yapande kidogo kidogo, maji yawepo, Ramadhani fanyeni baada ya futari, na kijana akisema miguu imeisha nguvu msimwite mvivu, msimamisheni, mpelekeni kivulini, mpeni maji, na kama hali hairudi upesi muwahisheni hospitali na muwaambie kabisa kama ana jeni ya sikoseli.