Je, wajua kwa nini kinga ya mwili haiwashambulii bakteria wa tumboni?

Mwiba ukikuchoma kidole, bakteria wachache tu wanatosha kuleta wekundu, joto na usaha. Sasa tazama utumbo mpana. Humo wanaishi matrilioni ya bakteria, na kinachowatenga na damu yako ni ute pamoja na ukuta wenye unene wa seli moja tu. Nyuma ya ukuta huo seli za kinga zimejaa tele. Mbona vita havizuki?

Siri imo katika saitokini, protini ndogo ambazo seli hutumiana kupeana habari. Seli moja huitoa, nyingine huinasa kwa kipokezi chake, kisha hubadili mwenendo. Ziko zinazochochea, kama TNF, na ziko zinazotuliza. Kati ya hizi za kutuliza, mimi hustaajabia zaidi IL-10. Mwaka 1993 watafiti walieleza habari za panya wasioweza kuitengeneza: utumbo wao ulivimba na kujaa vidonda. Lakini panya wa aina hiyohiyo wakilelewa pasipo bakteria hata mmoja, hawaugui. Kumbe bila IL-10, hata wapangaji wa siku zote huonekana maadui! Mwaka 2009 jambo hilo lilithibitika kwa watoto waliozaliwa na hitilafu katika kipokezi cha IL-10, ambao matumbo yao yaliwaka tangu uchanga.

Kutuliza peke yake hakutoshi, ukuta nao unahitaji matunzo. IL-22 huziamuru seli za ukuta zitoe protini za kuua bakteria wanaosogea karibu mno, na huharakisha kuziba palipochubuka.

IL-17 ndiyo iliyowashangaza madaktari. Inajulikana kwa kuchochea uvimbe, na kuizuia huwapa nafuu kubwa wagonjwa wa soriasisi, ugonjwa wa ngozi. Basi ikajaribiwa kuzuiwa kwa wenye ugonjwa wa Crohn, ambao utumbo wao huvimba, kwa kuwa dawa za kuzuia TNF zilikuwa zimekwisha kuwasaidia wengi wao. Matokeo yalitolewa mwaka 2012: hawakupata nafuu, na baadhi walizidiwa. Utumboni, IL-17 hukaza pia maungio ya seli za ukuta. Ukiiondoa, ukuta huvuja. Ndiyo maana mgonjwa wa soriasisi aliye pia na ugonjwa wa Crohn kwa kawaida hutafutiwa dawa nyingine.