Kuchomelea achi pana kwenye Escort ya zamani: saa za ufundi huenda wapi

Wenye magari ya kale huniuliza, "Fundi, kuchomelea hizi achi nne utanitoza ngapi?" Nami huwauliza kama gari limekuja na rimu zake na matairi yake. Mteja anapotaja kuchomelea huwa anafikiria moto wa mashine. Mimi nafikiria yanayotangulia moto na yanayoufuata, maana huko ndiko saa zinakomalizikia. Leo nieleze ninavyopiga hesabu ya ufundi, nikitumia gari ninalolipenda kuliko yote: Ford Escort Mk1, yaani toleo la kwanza la Escort.

Achi pana ni bati lililoumbwa kutokeza nje juu ya gurudumu, ili tairi pana likae chini ya bodi badala ya kuchungulia nje na kurusha mawe. Escort ilitoka mwaka 1968, na mwaka 1972 Hannu Mikkola na Gunnar Palm waliipa ushindi wa Safari Rally kwa RS1600, Escort ya mashindano, wakiwa wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda mashindano hayo. Björn Waldegård akarudia mwaka 1977 kwa Mk2, toleo la pili. Tangu Safari ya magari ya kale ianze mwaka 2003, Escort zimeendelea kuonekana kwenye vumbi letu, na kila anayeziona zikipita anatamani umbo lile la mabega mapana. Natamani vilevile, ndiyo maana inaniuma kuona achi zilizobandikwa kwa haraka.

Kazi ya kwanza ni kuliweka gurudumu mahali pake. Natoa springi, nafunga rimu na tairi halisi, kisha nainua ekseli kwa jeki mpaka inapogonga mwisho wake. Mbele nazungusha usukani kushoto na kulia hadi mwisho, gurudumu likiwa juu, katikati na chini. Bila kufanya hivyo sijui nikate wapi. Tairi la mbele halipandi wima tu. Linajikata pembeni likizungushwa, na mahali linapogusa mara nyingi ni kona ya nyuma ya madigadi, karibu na mlango, siyo juu ambako mteja anaangalia. Hapo naandika saa 5 kwa gari zima. Mteja akibadilisha rimu baadaye, saa hizo zinaanza upya, na namwambia mapema.

Kuvua vitu kunakula saa 7. Viti, zulia, vitambaa vya pembeni, bampa, taa za nyuma. Kwenye Mk1 tangi la petroli liko ndani ya buti, jirani kabisa na pale nitakapochomelea, kwa hiyo linatoka na kwenda mbali, hata kama liko tupu. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Betri na alteneta navyo navitenganisha. Vioo nisipovitoa navifunika kwa blanketi zito lisiloshika moto, kwa sababu cheche za grenda hujichimbia kwenye kioo na kuacha vidoa vya chuma ambavyo havitoki kwa kuosha wala kusugua.

Sasa tufike kwenye bati, nianzie nyuma, ambako ndiko penye kazi. Ubavu wa nyuma wa Escort una ngozi mbili. Ya nje ndiyo unayoiona. Ya ndani ndiyo inayofunika gurudumu kutoka upande wa buti. Zinakutana ukingoni, zikiwa zimekunjwa na kushikwa kwa spoti za kiwandani, yaani nukta za kuchomelea. Gari hili halina chasisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito. Ukikata ngozi ya nje ili uweke achi pana, umetenganisha kile kilichokuwa kimeungana. Lazima ngozi ya ndani nayo ikatwe vipande vyembamba kuelekea juu, kila kipande kivutwe nje mpaka kiguse achi mpya, kichomelewe, halafu nafasi za pembetatu zinazobaki katikati zizibwe kwa bati jipya. Ni kazi ya kuinama ndani ya achi, shingo imepinda, cheche zikikuangukia. Hakuna atakayeiona gari likishapakwa rangi. Naihesabia saa 5 kila upande, na ndiyo sehemu ambayo huwa wa kwanza kuiruka wanaotoa bei ya chini. Ikirukwa, matope na maji yanaingia kati ya ngozi mbili, kutu inakula kutoka ndani, na ubavu unapoteza nguvu yake.

Kukata na kulinganisha achi ya nje nyuma nakupa saa 7 kila upande. Hapa kuna uamuzi unaobadilisha hesabu yote: bati likutane ukingo kwa ukingo, au lipande juu ya lingine. Kupandisha ni haraka, pengine nusu ya muda. Lakini mahali palipopandana panashika unyevu, na baada ya jua na mvua kadhaa mstari unaanza kujichora kwenye rangi. Mimi nalinganisha ukingo kwa ukingo, mwanya usizidi milimita 1. Ndipo saa zinapokwenda: kuweka, kuchora, kutoa, kusaga kidogo, kurudisha. Na upande wa pili lazima ufanane na wa kwanza. Napima kutoka katikati ya gari na kutoka sakafuni, sitegemei ukingo wa mlango, kwa sababu gari la miaka 50 limeshagongwa na kunyooshwa na huwezi kuliamini lifanane pande zote.

Mbele ni afadhali kidogo. Madigadi ya Escort yamechomelewa kwenye bodi, hayafungwi kwa bolti kama ya Datsun 240Z, kwa hiyo siwezi kuyatoa nikafanyie kazi mezani. Hata hivyo ngozi ya ndani haiko karibu kama nyuma. Saa 4 za kulinganisha na 2 za kufunga upande wa ndani zinatosha kwa kila madigadi.

Kuchomelea kwenyewe nakupa saa 3 kila upande nyuma, 2 mbele. Mshono wa achi moja ni kama mita 1.2, na nikishika kwa nukta kila milimita 25 napata nukta karibu 48. Baada ya hapo najaza katikati, vipande vya sentimita moja moja, nikiruka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ili bati lipoe. Bati la bodi lina unene wa milimita 0.8 hadi 1. Ukilivuta mshono mrefu kwa mkupuo mmoja linatanuka, likipoa linasinyaa, na ubavu unabaki na mawimbi kama nguo iliyopigwa pasi vibaya. Kwa mashine ya MIG, ile inayosukuma waya yenyewe, natumia waya wa milimita 0.6 na gesi ya agoni iliyochanganywa na kaboni dioksidi. Mshono wa MIG ni mgumu na hausikii nyundo, kwa hiyo muda niliouokoa kwenye moto naulipa kwenye grenda. TIG, ambayo waya unaulisha kwa mkono, inakwenda polepole lakini mshono wake ni laini, unaweza kuusawazisha kwa nyundo. Fundi wa gesi ya oksijeni na asetilini naye anapata mshono laini, ila joto lake linasambaa mbali, anahitaji mkono uliotulia sana. Achi isitengenezwe kamwe kwa bati la kuezekea. Zinki iliyopakwa juu yake inatoa moshi unaougonjesha mwili, na mshono wake unajaa matundu.

Kusaga na kunyoosha: saa 3 nyuma, 2 mbele, kila upande. Puti, msasa na praima: saa 4 kila kona. Puti iwe nyembamba, ya kufuta alama tu. Anayehitaji puti nene kidole kizima hakulinganisha bati.

Tujumlishe. Nyuma saa 22 kila upande, zinakuwa 44. Mbele 14 kila upande, zinakuwa 28. Ongeza 5 za magurudumu na 7 za kuvua. Jumla saa 84, kabla ya rangi ya mwisho na kabla ya kurudisha viti na zulia. Kati ya hizo, kuchomelea ni saa 10. Zidisha 84 kwa malipo ya saa ya gereji yako, utapata bei ya ufundi. Achi za faiba za kugundisha au kufunga kwa ribiti zinapunguza sana hesabu hiyo, na kwa gari la kutembelea mjini si dhambi. Lakini nyuma bado ngozi ya ndani lazima irudishwe ikiwa umekata.

Kutu siihesabu ndani ya saa 84. Gari lililoishi Mombasa au Lamu linaweza kuonekana safi nje, ukikata achi unakuta ngozi ya ndani imebaki karatasi. Gari la Nanyuki au Eldoret lina bahati zaidi, lakini matope yaliyokauka nyuma ya madigadi yanafanya kazi ileile polepole. Ndiyo maana bei naitoa mara mbili. Kwanza bei ya kufungua: kuvua, kukwangua rangi na sila ya zamani (ile gundi ya kuziba viungo vya bati), kugonga kwa bisibisi. Hiyo ni thabiti na mteja anailipa hata akiamua kuondoka. Kisha nampigia picha kila tundu, namtumia kwa simu, namwandikia saa za kutu peke yake na saa za achi peke yake. Mzee mmoja aliniambia, "Kijana, kumbe hili ndilo ninalolilipia," akaacha kubishana kuhusu bei, tukaanza kuzungumza kuhusu lipi lianze.

Ukija kuomba makadirio, njoo na rimu zilizovishwa matairi, springi na shokabu utakazotumia, na achi zenyewe kama umeshazinunua. Uniambie pia gari litakimbia mashindano au litapumzika nyumbani, kwa maana la mashindano nitakuachia nafasi zaidi juu ya tairi, na hiyo inabadilisha mahali pa kukata.