Monita za masikio za kupimwa: yanayosemwa siku ya kwanza, na ukweli wake

Mwanamuziki wa hapa Mbeya akijinyima mpaka akanunua monita za masikio za kupimwa, yaani visikizi vya kujisikilizia ukiwa jukwaani vinavyotengenezwa kufuata umbo la sikio la mtu mmoja, siku ya kuzifungua huwa na watazamaji. Hela iliyotoka ni nyingi, mzigo umesubiriwa wiki kadhaa, na nusu ya kwaya imemzunguka. Anazivaa, anasikiliza wimbo mmoja, anatoa hukumu. Hukumu hiyo ndiyo inayosambaa kutoka Mwanjelwa hadi Uyole, na mimi kama fundi mitambo nasema wazi kwamba mara nyingi si ya haki. Dakika za mwanzo zinakueleza zaidi jinsi ganda, kile kipande kinachoingia sikioni, lilivyokaa kuliko jinsi spika zilizomo ndani zinavyolia.

“Hazina besi”

Hii ndiyo inayoongoza. Mpiga gitaa la besi mmoja, ambaye pia ndiye mwalimu wa kwaya yao, alinigeukia katikati ya mazoezi: “Fundi, ndizo hizi za mamilioni? Mbona gitaa langu silisikii?” Nikamwambia, “Mwalimu, hebu bonyeza kidogo ganda la kulia kwa kidole.” Akabonyeza, besi ikajaa. Akaachia, ikapotea tena. Hakuna kilichobadilika kwenye miksa wala kwenye waya.

Spika zilizomo humu ni ndogo sana. Zinaweza kutoa besi nzito kwa sababu moja tu: hewa iliyopo kati ya ganda na kiwambo cha sikio imefungiwa. Ukitokea mwanya mdogo tu, mawimbi ya besi yanatorokea hapo, trebo, yaani sauti za juu, inabaki, na wimbo unasikika mwembamba na mkali. Kwa hiyo kabla hujamlaumu mtengenezaji, bonyeza taratibu. Besi ikiongezeka, pale panavuja.

Mara nyingi kuvuja kunatokana na uvaaji. Ganda la kupimwa halisukumwi moja kwa moja kama visikizi vya mpira. Vuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, ingiza ncha ikiwa imeelekea mbele kidogo, kisha lizungushe ganda kuelekea nyuma mpaka likae kwenye mikunjo ya sikio. Hakikisha pia hujabadilisha pande: kwa kawaida alama nyekundu ni ya kulia na bluu ni ya kushoto.

Ikiwa besi ipo ukitulia lakini inakimbia ukifungua mdomo kuimba, sababu iko mbali zaidi, siku ulipochukuliwa umbo la sikio. Kiungo cha taya kiko mbele tu ya mfereji wa sikio, na mdomo ukifunguka mfereji unabadilika umbo. Anayejua kazi yake huanza kwa kumulika ndani kuona kama kuna nta, kisha anaweka kipande cha sponji chenye uzi kupita kona ya pili ya mfereji ili kulinda kiwambo. Halafu anakupa kitu cha kung'ata, mdomo ukae wazi, ndipo anasukuma silikoni laini kwa bomba. Unahisi ubaridi unaingia, sauti za chumbani zinafifia, na baada ya dakika chache silikoni imekaza na inavutwa nje. Kwa mwimbaji, kile kitu cha kung'ata si jambo la kuruka. Ukiona anataka kukuchukua umbo mdomo ukiwa umefungwa, mwambie kabla hajaanza kwamba wewe unaimba.

Kuna sababu nyingine ya besi kupungua, na hii haina dosari yoyote ndani yake. Tangu utafiti wa Fletcher na Munson wa mwaka 1933 inajulikana kwamba sikio la binadamu husikia besi kwa unyonge sauti inapokuwa ndogo. Anayezijaribu sebuleni usiku, amepunguza sauti ili asiwasumbue walioko nyumbani, atazikosea. Huyo huyo akizivaa jukwaani kesho yake atasema ni zingine.

“Sauti yangu inanguruma kama niko ndani ya pipa”

Waimbaji wengi wanataka kuzirudisha kwa sababu hii, nami nawaelewa. Ukiimba, sauti yako haipiti hewani tu. Inapita pia kwenye mifupa ya fuvu na taya, na kutikisa kuta za mfereji wa sikio. Sikio likiwa wazi, mitikisiko hiyo ya chini inatoka nje na huijui. Ukiliziba, inabaki ndani na inaweza kupanda kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 hivi kwenye besi ya sauti yako. Hakuna kilichoharibika, sikio lolote lililozibwa hufanya hivyo, hata ukiziba kwa kidole.

Dawa iko kwenye miksa. Mwombe fundi akate besi kwenye sauti yako mwenyewe katika monita yako, akuongezee kidogo sehemu ya juu ya sauti, na aweke mwangwi kiasi. Pia awe na maikrofoni moja au mbili zinazoelekea kwa waumini, uzisikie kwa mbali. Waimbaji wetu wamezoea makanisa ya bati na sakafu ya saruji ambako ukuta unakurudishia sauti, na ukimnyang'anya mwimbaji mwangwi huo ghafla anajiona yuko peke yake hata kama amesimama katikati ya watu arobaini. Hilo ndilo linalomfanya aseme “hazina uhai”. Uhai unarudishwa kwa zile maikrofoni, na ni kazi ya fundi kuzifikiria kabla ya ibada.

Wanachofanya wengi badala yake ni kutoa upande mmoja ili wasikie kanisa. Tafadhali, acheni. Masikio mawili yakisikiliza pamoja, ubongo unaona sauti ni kubwa zaidi. Ukibaki na moja, utaongeza sauti kwenye hilo moja, huku lile lililo wazi likipigwa na ngoma moja kwa moja. Yote mawili yanaumia.

“Zimepimwa na mtaalamu, kwa hiyo ni salama”

Hapa sina utani hata kidogo, kwa sababu usikivu ukipotea kwa kelele haurudi. Kupimwa kunahusu umbo la sikio. Sauti unaiweka wewe, na spika hizi zinaweza kufika kiwango cha kuumiza kwa simu ya kawaida kabisa.

Kinachoweza kukulinda ni jinsi ganda linavyozuia kelele za nje. Ganda la akriliki, yaani plastiki ngumu, lililokaa vizuri hupunguza kelele kwa desibeli 25 hivi. Jukwaa lenye ngoma hufika desibeli 100 bila shida, na kwa mwongozo wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, desibeli 100 ni za dakika 15 tu kwa siku, wakati 85 ni za saa 8. Ganda likizuia vizuri, unaweza kusikia kila ala kwa sauti ya chini sana kuliko ulivyozoea kwenye monita za sakafuni, zile spika zinazomwelekea mwanamuziki. Sasa mtu anazivaa, anapandisha mpaka zifikie ukali wa zile za sakafuni, na faida yote imekwisha. Siku ya kwanza anza chini kabisa, subiri dakika kadhaa sikio litulie, ndipo upandishe kidogo kidogo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoziita anasa. Jerry Harvey, fundi sauti wa bendi ya Van Halen, alibuni aina yake mwaka 1995 kwa ajili ya mpiga ngoma Alex Van Halen, aliyehitaji kusikia katikati ya kelele za jukwaa lake. Hizo zilizaliwa kazini. Mpiga ngoma wa kwaya ya Tukuyu, ambako mvua ikipiga bati hata mahubiri yanasimama, ana haja ileile.

“Zinabana, basi umbo limekosewa”

Tofautisha kubanwa na kuumia. Hisia ya sikio kujaa ni ya kawaida kwa siku za mwanzo na hupungua. Maumivu makali mahali pamoja, au wekundu usioisha, ni kosa la umbo na lazima lirekebishwe. Watengenezaji wengi hutoa muda wa marekebisho bila malipo, mara nyingi siku 30. Kwa sisi wa nyanda za juu kusini, tunaosubiri mzigo upite Dar es Salaam kwanza, swali la kuuliza kabla ya kulipa ni kama siku hizo zinahesabiwa tangu zilipotumwa au tangu ulipozipokea.

Na usizihukumu ukiwa safarini. Ukiteremka kutoka Tukuyu kwenda Kyela, au ukipanda Kitonga kuelekea Iringa, mgandamizo wa hewa unabadilika, na hewa iliyofungiwa nyuma ya ganda inakubana hata kama umbo ni sahihi kabisa. Zitoe mpaka ufike.

“Zenye spika nyingi ndizo bora”, na “zipigwe saa mia kwanza”

Haya hayahitaji maneno mengi. Idadi ya spika ndani ya ganda haikuambii ubora. Kinachotawala ni jinsi zilivyogawiwa kazi na zilivyopatanishwa, na zipo zenye spika mbili zinazozishinda zenye nane. Kuhusu kuzipiga saa mia ili zilegee, kinachobadilika zaidi ni ubongo wako unaozoea sauti mpya. Zitumie tu. Ukitaka kuzilinganisha na za zamani, sawazisha ukubwa wa sauti kwanza, maana yenye sauti kubwa kidogo hushinda hata kama ni mbovu.

“Upande mmoja umekufa asubuhi, ni feki”

Lalamiko hili huja hasa Juni na Julai. Monita zimelala kwenye begi usiku kucha, Mbeya baridi, asubuhi zinaingia kwenye sikio lenye joto na unyevu. Mvuke unatua kama umande ndani ya vile vimirija vyembamba vinavyopitisha sauti, na sauti inazibika. Weka mfuko mdogo wa silika, ile inayonyonya unyevu, ndani ya kopo lao, zipashe mkononi kabla ya kuvaa. Kama upande bado umefifia, angalia tundu la kutolea sauti kwenye mwanga: nta kidogo tu inatosha kuliziba. Itoe kwa kile kijiwaya kinachokuja nazo, tundu likiwa limeelekea chini ili uchafu udondoke nje, na usitumie sindano wala maji.